Wagonjwa wa Figo Nyakati za Maradhi ya Mlipuko



Jioni ya tarehe 30 Machi mwaka 2020, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alilitangazia taifa lake kwamba kuanzia usiku huo magari ya watu binafsi nayo hayataruhusiwa kubeba watu barabarani. Magari ya abiria na pikipiki za kukodi zilikuwa zimekwisha kusimamishwa siku chache kabla ya hapo. Shabaha ya amri hiyo ilieleweka: ugonjwa wa korona ulikuwa umeingia Uganda tangu tarehe 21 ya mwezi huo, na serikali ilitaka kuuzuia usisambae kutoka mji hadi mji. Aliyeugua na kutaka kwenda hospitali alitakiwa kwanza apate kibali cha Mwakilishi wa Rais katika wilaya yake.

Kwa mtu mwenye malaria au kidonda, kibali kikichelewa siku moja ni usumbufu. Kwa mtu ambaye figo zake zimekufa ni jambo jingine kabisa. Mtu huyo hana mkojo wa kutoa sumu za mwili, wala hana njia ya kuyatoa maji anayokunywa. Huendelea kuishi kwa sababu mara mbili au tatu kila wiki huunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne hivi. Akikosa mara moja, huvimba miguu na kuhema. Akikosa kwa juma zima, maji hujaa mapafuni, na chumvi ya potasi hupanda katika damu hata moyo ukasimama ghafula. Mwaka ule mashine hizo nchini Uganda zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa Kampala, hasa katika Hospitali ya Kiruddu. Amri ile ile iliyotolewa kwa ajili ya kuokoa maisha ikawa imesimama katikati ya mgonjwa na mashine yake.

Hatusemi haya kwa kumlaumu jirani. Uganda ilikuwa na sababu za kuwa na hofu, na wiki chache baadaye ilikwisha kulegeza masharti, wajawazito wakaruhusiwa kwenda hospitali bila kibali. Lakini jambo lile lilifunua swali ambalo nchi zetu zote hazijalijibu sawasawa hadi leo: mlipuko wa maradhi unapotokea, na kila mtu anaambiwa akae nyumbani kwake, je, mtu ambaye hawezi kuishi wiki mbili bila hospitali akae wapi?

Jibu moja lipo, nalo si geni. Mgonjwa anaweza kusafishwa damu akiwa nyumbani. Ndani ya tumbo la kila mwanadamu mna utando mwembamba unaofunika matumbo, wenye mishipa midogo ya damu isiyo na idadi. Daktari huweka mpira laini tumboni, chini kidogo ya kitovu, ncha moja ikabaki nje. Kwa mpira huo mgonjwa humimina tumboni maji maalumu yenye sukari na chumvi zilizopimwa, kiasi cha lita mbili. Maji hayo hukaa humo kwa saa nne hadi sita, yakivuta sumu na maji ya ziada kutoka katika damu kupitia utando huo. Kisha huyatoa na kuingiza mengine. Kazi ya kutoa na kuingiza huchukua kama nusu saa, na kwa kawaida hufanywa mara nne kwa siku. Hapana umeme, hapana sindano, hapana mashine. Njia hii ilianza kutumika Marekani na Kanada katika miaka ya sabini, na Hong Kong tangu mwaka 1985 imeifanya ndiyo njia ya kwanza kwa wagonjwa wake wa figo.

Nimeitaja Hong Kong, basi na nimalize habari yake, maana ina fundisho ambalo halijulikani sana huku kwetu. Mwezi Machi mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uitwao SARS, mtu mmoja mwenye maradhi ya figo, ambaye alikuwa akitibiwa katika hospitali iliyokwisha kuingiliwa na ugonjwa huo, alikwenda kumtembelea ndugu yake katika majumba ya ghorofa yaitwayo Amoy Gardens. Alikuwa anaharisha, akatumia choo cha nyumba ile. Kwa njia ya mabomba ya maji machafu yaliyokuwa na kasoro, ugonjwa ulipanda na kushuka kutoka nyumba hadi nyumba, na watu zaidi ya 300 wa majumba yale wakaambukizwa. Hapo pana mambo mawili. La kwanza ni kwamba mgonjwa wa figo, kwa kwenda na kurudi hospitali, huwa katika hatari ya kuambukizwa kuliko mtu mwingine, kisha huwa daraja la ugonjwa kuvukia kuja mitaani. La pili ni kwamba maji yatokayo katika mwili wa mgonjwa hayamwagwi ovyo. Nitalirudia hilo.

Sasa na turejee kwa majirani zetu. Tarehe 27 Septemba mwaka 2024 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kwamba virusi vya Marburg vimeingia nchini humo. Mpaka ulipotangazwa mwisho wake tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 kati yao wamefariki. Rwanda ilisifiwa, na kwa haki, kwa namna ilivyoukabili ugonjwa huo. Lakini tuangalie ni akina nani walioambukizwa: walio wengi walikuwa watumishi wa afya, na maambukizo yao yalitokea ndani ya hospitali za mji wa Kigali. Yaani mahali pale pale ambapo mgonjwa wa figo hutakiwa kufika, apende asipende, mara mbili au tatu kwa wiki, akakae saa nne karibu na wagonjwa wenzake na wauguzi wale wale.

Hapo ndipo faida ya kujisafisha nyumbani inapoonekana wazi. Mwaka 2020 vyama vya madaktari wa figo duniani vilitoa shauri la namna moja: mgonjwa anayejisafisha nyumbani asiitwe kliniki bila sababu kubwa, ahudumiwe kwa simu, na wagonjwa wapya wanaofaa waelekezwe katika njia hiyo. Katika nchi za Afrika Mashariki shauri hilo liliwafaa watu wachache mno, kwa sababu wanaojisafisha nyumbani ni wachache mno. Kenya, kwa mfano, tangu mwaka 2015 ilieneza mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti zake, na bima ya taifa ya wakati huo ikalipia mara mbili kwa wiki. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na iliokoa watu wengi. Hata hivyo fedha na mafunzo vilielekea kwenye mashine, na njia ya tumbo ikabaki kama mtoto wa kambo.

Katika safari zangu za kikazi niliwahi kumtembelea mwalimu mmoja mstaafu katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Ni mama wa makamo, mkali kidogo, na chumba chake cha kulala kimepangwa kama darasa. Ukutani ametundika karatasi yenye safu za tarehe, uzito, shinikizo la damu, na kiasi cha maji yaliyoingia na kutoka. Nilipotaka kuingia alinisimamisha mlangoni.

“Kijana wangu, umenawa?”

“Nimenawa, Mwalimu.”

“Kwa sabuni? Basi kanawe tena, na uvae barakoa. Mimi huvaa hata nikiwa peke yangu.”

Alifunga dirisha, akazima feni, akamtoa paka nje, ndipo akaugusa mpira wake. Nilikuja kuelewa kwamba hakuwa na wasiwasi wa bure. Kosa la mara moja, kidole kimoja kichafu kwenye ncha ya mpira, huingiza vijidudu tumboni, na utando ule ukivimba mgonjwa hupata maumivu makali na anaweza kufa.

Mwalimu huyo alinieleza yaliyompata mwezi Aprili mwaka 2020. Msaidizi wake alikuwa mwanawe wa kiume, ambaye wiki ile alikuwa Nakuru. Tarehe 6 Aprili serikali ya Kenya ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi na viunga vyake. Na tayari, tangu tarehe 27 Machi, palikuwa na amri ya kutotoka nje usiku. Kijana akabaki upande wa pili. Mama alikuwa na mkono mmoja uliopooza kidogo, hawezi kufungua kifuniko cha mfuko peke yake. Akamwita binti wa jirani aliyekuwa amerudi nyumbani kwa sababu shule zimefungwa. Muuguzi akamfundisha binti yule kwa simu, hatua baada ya hatua, naye mama akasimamia kama mtihani. Siku tatu za mwanzo walitumia zaidi ya saa nzima kwa kila badiliko. “Alikuwa akitetemeka kuliko mimi,” alisema Mwalimu. Kijana aliporudi mwezi Julai, baada ya marufuku kuondolewa, alikuta kazi yake imekwisha chukuliwa.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu inaonyesha mahali ambapo mpango wa nyumbani huvunjika. Watu hudhani mgonjwa akiwa nyumbani amekwisha kuwa salama. Sivyo. Nyumba hiyo imetundikwa kwenye nyuzi nne au tano, na mlipuko wa maradhi huzikata moja baada ya nyingine.

Uzi wa kwanza ni msaidizi. Kila mgonjwa hana budi kuwa na wa pili aliyefundishwa mapema, wakati wa amani, kwa sababu wa kwanza anaweza kuugua yeye mwenyewe. Akiugua, asimkaribie mgonjwa. Na ikiwa hapana mwingine, basi wote wawili wavae barakoa, chumba kipitishwe hewa kabla ya kazi na baada yake, na mikono ioshwe pasipo haraka.

Uzi wa pili ni maji safi na sabuni. Hapa tuwakumbuke majirani zetu wa Zambia, ambao kuanzia Oktoba mwaka 2023 walipigwa na kipindupindu kikubwa, hata uwanja wa michezo wa Heroes mjini Lusaka ukageuzwa kuwa kituo cha matibabu. Ambaye hana maji ya kuaminika ya kunawa mikono hawezi kujisafisha tumbo kwa usalama. Tena kipindupindu kina hatari yake ya pekee kwa watu hawa. Mifuko ya maji ya tumbo hutofautiana kwa ukali wa sukari: iliyo mikali huvuta maji mengi zaidi mwilini. Mgonjwa anayeharisha akiendelea na mfuko mkali kama kawaida yake, atakauka upesi kuliko jirani yake mwenye figo nzima. Hapo ni lazima amwulize muuguzi mara moja abadili mfuko upi, na kiasi gani anywe, asikisie mwenyewe.

Uzi wa tatu ni simu, na mtu wa kuipokea. Katika milipuko yote hutokea jambo hili la kusikitisha: watu huogopa hospitali kuliko ugonjwa walio nao. Mgonjwa akiona maji yanayotoka tumboni yamekuwa na ukungu kama maji ya mchele, au tumbo likauma, au homa ikapanda, asingoje mlipuko upite. Hiyo ni dharura, na kwa dharura hiyo hospitali ni lazima iwe na mlango wake wa pekee, mbali na mahali wanapopokelewa wenye ugonjwa wa kuambukiza. Kwa hofu ya kuambukizwa, wako wanaokaa na tumbo lenye usaha siku tatu. Wala homa isimfanye mtu aache kubadili maji; kuacha ndiko kunakoua.

Kuhusu maji yaliyotumika, nimeahidi kurudia. Wakati wa korona, uchunguzi katika nchi mbalimbali ulitoa majibu tofauti: kwa baadhi ya wagonjwa dalili za virusi zilionekana katika maji ya tumbo, kwa wengine hazikuonekana. Kwa ajili hiyo mtu mwenye busara huyatendea kana kwamba yana virusi. Msaidizi avae glavu na kufunika uso, ayamimine chooni polepole, karibu na shimo, yasimruke, aweke dawa ya klorini, afunike. Mfuko mtupu na mipira yake vitiwe katika mfuko mwingine na kufungwa. Watoto wa mitaani kwetu hupenda sana mifuko ile ya plastiki kwa kuchezea maji, na si kila mzazi anayejua imetoka wapi. Na kama ugonjwa uliozuka ni wa jamii ya Ebola au Marburg, na mgonjwa akashukiwa, basi hapo kazi ya nyumbani hukoma: aitwe mtumishi wa afya, na mtu wa nyumbani asiyaguse maji yale kabisa.

Lakini uzi ulio mgumu kuliko yote, ndugu msikilizaji, si wa chumbani. Ni wa barabarani na mipakani. Hebu tupige hesabu. Mifuko minne kwa siku, kila mmoja lita mbili: hizo ni lita nane kwa siku, lita 240 kwa mwezi, uzito unaokaribia robo ya tani kwa mgonjwa mmoja. Wataalamu husema mgonjwa awe na akiba ya wiki mbili angalau. Hiyo ni mifuko 56. Mifuko hiyo katika nchi zetu karibu yote huagizwa kutoka ng'ambo, hushushwa bandarini, ikapakiwa kwenye malori. Nani asiyekumbuka mwezi Mei mwaka 2020? Malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi pale Malaba, kati ya Kenya na Uganda, madereva wakingoja majibu ya vipimo kwa siku kadhaa. Namanga nako, baina yetu na ndugu zetu wa Kenya, palikuwa na maneno mengi kuhusu vyeti vya madereva, na tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka isipokuwa kwa mizigo. Serikali zetu zilikutana, zikaelewana, malori yakapita. Lakini dereva anayengoja siku nne hajui, wala afisa anayemzuia hajui, kwamba nyuma ya turubai huenda yamo makasha ya mtu aliyebakiwa na mifuko kumi na miwili. Mifuko kumi na miwili ni siku tatu.

Hata mataifa tajiri hayakuepuka mkasa wa namna hii. Mwishoni mwa Septemba mwaka 2024, katika majuma yale yale ya Marburg ya Rwanda, kimbunga Helene kilifurika kiwanda kimoja cha maji ya tiba katika jimbo la North Carolina, Marekani. Kiwanda hicho kimoja kilikuwa kikitoa sehemu kubwa ya maji hayo kwa nchi nzima, yakiwemo ya kusafishia tumbo. Wagonjwa waliokuwa salama majumbani mwao, mamia ya maili kutoka palipopigwa na kimbunga, wakaanza kuwekewa mgao.

Nionavyo mimi, ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba sisi tunasafirisha maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa mizigo hiyo, kuvuka bahari, wakati viwanda vya kutengeneza maji ya kutundikia wagonjwa mishipani vimo humu humu. Kimoja kiko Mukono, Uganda, nasi Tanzania tunacho Kibaha. Maji ya tumbo yanahitaji mifuko yake maalumu na uangalizi zaidi, na wagonjwa wa nchi moja pekee hawatoshi kumshawishi mwenye kiwanda. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama nane. Soko ambalo ni dogo kwa kila mmoja wetu, kwa wote pamoja si dogo. Na kabla kiwanda hakijajengwa, lipo jambo lisilohitaji fedha: kuandika jina la maji haya katika orodha ya mizigo isiyozuiwa mpakani wakati wa mlipuko, pamoja na damu, chanjo na hewa ya oksijeni, ili afisa wa zamu ya usiku asilazimike kumpigia mtu simu.

Wako madaktari, na baadhi yao nimezungumza nao, ambao hawaipendi njia ya tumbo. Husema nyumba zetu ni finyu, watu sita chumba kimoja, maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki, na mgonjwa atarudi na usaha tumboni. Hofu hiyo ina haki yake. Kwa mtu wa namna hiyo mashine ya hospitali ni bora, na serikali iandae usafiri wake mlipuko ukitokea, pamoja na kibali kilichoandikwa tangu mapema, chenye tarehe za zamu zake. Tarehe 15 Oktoba mwaka 2022, wilaya za Mubende na Kassanda zilipofungwa kwa sababu ya Ebola, gari la wagonjwa na lori la mizigo viliruhusiwa kupita. Lakini kutoka Mubende hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 150, na gari la wagonjwa la wilaya halina uwezo wa kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki kwa ajili ya mtu mmoja, miezi miwili mfululizo. Makasha ya maji yangepandishwa juu ya lori moja, mara moja.

Nilipokuwa nikimuaga yule mwalimu wa Nairobi alinionyesha chini ya kitanda chake. Makasha yalikuwa yamepangwa kwa safu, tarehe za kuharibika zimeandikwa kwa kalamu nyekundu, ya zamani mbele, mapya nyuma. Nilimuuliza ana akiba ya siku ngapi. Akanitazama kama mwanafunzi asiyesoma ubaoni.

“Ishirini na sita,” akasema. “Hesabu mwenyewe.”

Nilihesabu. Zilikuwa ishirini na sita.